Ya Zamani Yaishe Kwanza

Wifi yangu Diamanto amekula mafuta yaliyochacha kwa miaka arobaini na sita, na kila alipoyala alijisifu. Nasema bila kumung'unya maneno maana mimi si mnafiki, na anayetaka kunishitaki aende kwa padri. Hapa kwetu Lakovuni, kwenye vilima vya juu ya mji wa Kalamata, ukirusha jiwe umefumba macho litagonga mzeituni. Na bado mwanamke mmoja aliweza kuishi katikati ya mizeituni yote hiyo, akaichuma kwa mikono yake kila Novemba, asijue mafuta mazuri yana ladha gani. Waliosema penye miti hapana wajenzi walikuwa wamepita kwake wakaonja.

Hakuzaliwa hapa, hilo niliseme mapema. Kaka yangu Aristomeni alimtoa huko juu Arkadia, nchi ya mbuzi na baridi, mahali ambapo mzeituni ukipandwa unakufa kwa kujuta. Kwao mafuta yalinunuliwa kwa kikombe. Mama yake aliyatia chunguni kwa kijiko, tena kijiko cha chai, halafu akafanya ishara ya msalaba. Simcheki mtu kwa umaskini, Mungu apishie mbali. Namcheka kwa kuubeba umaskini huo mpaka kwenye nyumba ya watu wenye mizeituni mia mbili na kutulazimisha sote tuuamkie.

Siku ya pili ya ndoa, marehemu mama yetu alikaanga viazi. Alimimina mafuta mapya kwenye kikaango mpaka viazi vikaelea, kama tunavyofanya sote. Bibi harusi akashika kichwa.

"Mama, hayo yote? Si unayaua!"

"Nayapikia, mwanangu," mama akamjibu. "Mafuta mazuri hayaogopi moto. Mabovu ndiyo yanatoa moshi na kelele."

Siku hizi wapo wengine wa namna yake, wanatoka Athens na magari yao, wananiambia eti mafuta ya kwanza, yale yanayokamuliwa bila kuchemshwa, hayafai kupikia, ni ya kachumbari tu. Loo! Bibi zetu walipikia nini basi, maji ya mvua? Mimi nakaangia hayo, naungia maharage hayo, bamia, biringanya, keki ya Kwaresima, na adesi zikishaiva namwaga mengine mabichi juu. Mtu akiniletea elimu ya mafuta jikoni mwangu namwonyesha mlango.

Mama alifariki mwaka wa tatu, na ufunguo wa chumba cha mafuta ukahamia kwenye kiuno cha Diamanto. Hapo ndipo ilipoanza ile sheria yake. Mafuta mapya hayafunguliwi mpaka ya zamani yaishe. Ukiisikia tu unaiona ni sheria ya mtu mwenye akili, kumbe sivyo. Mzeituni una tabia yake, mwaka huu unajaza, mwaka ujao unapumzika. Kwa hiyo mwaka wa neema Diamanto aliweka madebe mengi, kwa kuogopa mwaka wa ukame. Mwaka wa ukame ukifika, bado anayabania. Anakula kidogokidogo kama mgonjwa, abakishe. Ya zamani hayaishi, mapya yanangoja, yakingoja yanakuwa ya zamani nayo. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na siku hata moja ambapo nyumba ile ilipikia mafuta ya chini ya miaka miwili.

Na alivyoyaweka sasa! Kile chumba kiko nyuma ya tanuri la mkate, ukutani unaweza kupasha mgongo. Mitungi ya mama haikuwahi kuoshwa, alikuwa anamimina juu ya mashapo ya mwaka juzi. Na ile chupa ya mezani, ya kioo cheupe, aliiweka dirishani kwenye jua, eti ing'ae, wageni waone. Mafuta hayataki hewa, hayataki joto, hayataki mwanga. Yanataka debe lililofungwa na mahali penye giza, basi, hayana makuu. Hata mtoto anayejifunza kutembea kijijini hapa analijua hilo.

"Akiba haiozi, wifi," alikuwa akiniambia, anapigapiga funguo zake.

Haiozi! Ungefungua mlango wa kile chumba ungekutana na harufu ya karanga zilizosahauliwa kabatini tangu mwaka wa gharika. Binti yao Kanela, aliyeolewa Athens, alipokea debe lake kwa basi kila Krismasi, akapiga simu kumshukuru mama, kisha akayachemsha mafuta yale kutengenezea sabuni ya kufulia. Aliniambia mwenyewe. Tulicheka mpaka nikakaa chini.

Mtauliza, hakuonja kwingine? Alionja wapi! Akialikwa kwangu alikuja na kichupa chake mkobani. Naapa. Anakaa, anavuta sahani, anakitoa, anatia tone juu ya mboga za mwituni nilizokwisha kuziunga.

"Samahani, wifi," anasema, "mafuta yako ni makali kidogo. Tumbo langu limezoea ya nyumbani."

"Tumbo lako limezoea mengi," namjibu, nikitazama kando.

Hata kinuni, kule tunakokamulia mafuta, hakuwahi kula vizuri. Kwetu, siku ya kukamua, kila mtu anabeba mkate. Kuna jiko la kuni pale kando ya mashine, mkate unachomwa mpaka unakuwa na masizi, unachovywa kwenye mafuta yako yanayotoka muda huohuo, ya kijani, mazito, yanayonukia nyasi zilizokatwa. Unatia chumvi, unakamulia limau. Unakohoa, macho yanakutoka machozi, na wenzako wanapiga makofi, maana yakikukohoza hivyo ni mafuta kweli. Jirani akikupa tonge la kwake huwezi kukataa, hiyo ni dharau. Basi Diamanto alikuwa anachukua tonge, anagusa kwa ncha ya ulimi, anajifuta mdomo na leso, na tonge anampa mbwa wa mwenye kinu. Aristomeni alikula kwa niaba ya wote wawili. Alikula amesimama, vipande vitano, sita, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mtu angedhani ametoka jela.

Halafu anapakia madebe yake kwenye gari, anarudi nyumbani kula yaliyochacha mwaka mzima.

Nilimwambia mara ngapi? "Kaka, wewe ni mwanamume au mwanasesere? Mizeituni ni ya baba yetu. Chukua ufunguo!"

"Ah, Garufalia," anasema, "mwache. Ana hofu zake."

"Hofu zake zinakulisha sabuni."

"Mtu huzoea."

Huyo ndiye kaka yangu. Mtu mzuri, na uzuri wake ulinitia hasira kuliko ubaya wa watu wengine. Akitaka kula chakula cha kweli alikuja kwangu asubuhi akisingizia ameleta kuni. Namkaangia mayai mawili kwa mafuta mapya, anafuta sahani kwa mkate, ananibusu kipajini, anakwenda. Jumapili baada ya ibada ilikuwa zamu yangu kula kwao. Nilikula. Adabu ni adabu.

Mwaka huu, mwishoni mwa Oktoba, Aristomeni alipasuliwa tumbo huko mjini. Alirudi amebaki nusu. Daktari alituita sisi wawili, mimi na Diamanto, akatuambia ugonjwa ameutoa, kilichobaki ni kazi ya jikoni. Mgonjwa ale. Ale kidogo, ale mara nyingi, apate nguvu kabla baridi haijakaza, la sivyo hataiona Pasaka. Diamanto aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Nikaona anavyokazana, maana kupika alijua, hilo sitamnyima. Mkono wake ulikuwa mzuri, na mafuta ndiyo yalikuwa yanaharibu kila kilichotoka humo.

Alimpikia supu ya kuku na limau. Akaweka mafuta. Kaka akaisogeza. Akampikia adesi, akaweka mafuta. Kaka akageuza uso ukutani. Mgonjwa pua yake ni kali, jamani, hasemi uongo tena kwa pua. Kile alichokivumilia miaka arobaini na sita kwa tumbo zima, hakuweza kukivumilia kwa tumbo lenye mshono. Wiki ya kwanza alikula vijiko vitano kwa siku. Wiki ya pili, vitatu. Mikono yake ikawa kama matawi tuliyoyapogoa.

"Kula, mume wangu," Diamanto anamwambia. "Nimeweka mafuta mengi leo, wala sikuyabania. Daktari amesema upate nguvu."

Mengi! Mama Bikira! Miaka yote anapima kwa tone, siku ambayo tone lingekuwa rehema ndiyo siku alipoamua kuwa mkarimu.

Nikaanza kuleta chakula changu. Nilikuja saa ambayo Diamanto anakwenda kulisha kuku, nikaficha bakuli chini ya shali. Uji wa ngano na maziwa, nikauzungushia mafuta ya kwangu, yale ya mavuno ya mwezi huu, tuliyoyakamua siku ileile ya kuchuma kabla zeituni hazijapata joto ndani ya magunia. Kaka alikula bakuli zima. Kesho yake tena. Nilimwona rangi ikimrudi masikioni, nikafurahi, na sitaficha kwamba nilifurahi mara mbili.

"Mwambie," nikamwambia. "Mimi siwezi kuja na bakuli chini ya shali mpaka Pasaka."

"Nitamwambiaje, mdogo wangu? Nianzie wapi?"

"Anzia puani."

Hakusema. Siku ya nne Diamanto alirudi mapema, kuku walikuwa wamekwisha kula, akanikuta na kijiko mkononi. Alisimama mlangoni na ndoo yake. Sikuwahi kumwona akiwa mweupe vile.

"Kumbe," akasema. "Kumbe anakula."

"Anakula, ndiyo."

"Cha kwako anakula. Changu anafumba mdomo." Akaweka ndoo chini. "Mimi nakesha namwomba Mungu, kumbe wewe unaingia kama mwizi unamzoesha mume wangu chakula cha nyumba nyingine, aone cha mkewe ni uchafu! Una nini na mimi, wifi? Nilikukosea nini tangu siku nilipoingia hapa?"

Ebo! Hapo maji yalizidi unga. Nilikwenda kwangu, nikarudi na chupa yangu ya bati, mkate na visahani viwili. Nikavipanga kwenye meza iliyo karibu na kitanda. Kwenye hiki nikamimina ya kwangu, kijani. Kwenye kile nikamimina ya ile chupa yake ya dirishani, manjano iliyopauka.

"Onja," nikamwambia. "Kwanza yako."

Akachovya, akala. Akainua kidevu. "Haya ndiyo mafuta. Laini. Yanateremka."

"Sasa yangu."

Alichovya kipande kidogo. Safari hii nilisimama juu yake, mbwa hakuwepo. Alitafuna, akameza, kooni pakamshika. Alikohoa, akakohoa tena, akashika ukingo wa meza, machozi yakamlenga. Nami nilikuwa natabasamu, kwa sababu yale mafuta yalikuwa yanafanya kazi yake barabara.

"Yameharibika!" akapiga kelele alipopata pumzi. "Machungu! Yana pilipili! Haya ndiyo unayomlisha mgonjwa? Wewe ndiye unayemuua kaka yako!"

Nikacheka. Ningefanyaje? Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mwanamke amezungukwa na mafuta kama samaki na maji, na siku anayoyaonja anasema yameharibika. Nikamgeukia kaka yangu. "Haya, Aristomeni. Nyumba ni yako, tumbo ni lako. Sema wewe, yapi yameharibika?"

Alitutazama wote wawili, polepole. Nilijua atakwepa. Nilikwisha kuandaa la kumwambia akishakwepa. Lakini njaa ina ushujaa wake.

"Diamanto," akasema, "njoo ukae."

Akakaa pembeni mwa kitanda.

"Yako ndiyo yamechacha, mama Kanela. Yake ni mapya. Mafuta yakiwa mapya yanakuwa hivyo, yanachoma. Hata yetu, siku nikiyatoa kinuni, yanachoma hivyohivyo."

"Yamechacha hii chupa?"

"Chupa. Na mitungi. Na madebe."

"Tangu lini?"

Kaka akamshika mkono.

"Aristomeni, tangu lini?"

"Tangu mama alipofariki."

Nilingoja kelele. Nilingoja Arkadia nzima ishuke na mbuzi wake. Diamanto alikaa tu, anakitazama kile kisahani cha manjano. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula."

"Kwa nini, mume wangu?"

"Ulikuwa unayatia kwa furaha sana," akasema. "Ulikuwa unaniambia, tazama, sisi tunayo. Kila siku uliniambia hivyo. Sasa ningekwambia nini? Nisamehe. Ningekula mpaka mwisho, ila siku hizi hayapiti."

Akainuka. Alikwenda kwenye kile chumba, nikasikia ufunguo, nikasikia debe linaburutwa sakafuni. Alirudi nalo amelikumbatia tumboni. Lilikuwa la mwezi huuhuu, mavuno waliyochuma vibarua, lina alama ya kinu mbavuni. Akalitoboa mfuniko kwa kisu. Kwa ile sheria yake lilikuwa bado na miaka miwili ya kungoja. Akaweka kikaango jikoni, akamimina. Hakupima. Akakata viazi, akavitia, vikaelea, akasimama juu yake anaangalia povu, na harufu ikajaza nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama. Lazima niseme, niliona afadhali nitazame nje.

Alimletea sahani. Kaka alikula kiazi kimoja, akala cha pili. Hakusogeza, hakugeuka ukutani. Diamanto alimtazama mdomo wake jinsi unavyokwenda, kila tonge, mpaka alipohakikisha. Ndipo aliponigeukia mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani. Kweli kabisa. Nilikuwa hata nimekwisha kuchagua jibu, kwamba si kitu, wifi, kila mtu ana siku yake ya kujifunza.

"Na wewe ulijua," akasema.

"Kijiji kizima kilijua," nikamjibu. "Nani hana pua?"

"Kanela?"

"Kanela anachemshia sabuni."

Alilimeza hilo. Nililiona likishuka. "Jumapili ulikuwa unakula hapa," akasema. "Kila Jumapili. Unafuta sahani, unasema, mikono yako na ibarikiwe, wifi, hakuna anayepika kama wewe. Hayo ndiyo maneno yako. Mimi nilikuwa nayangoja wiki nzima."

"Hiyo ni adabu ya mezani! Ulitaka nikutukane nyumbani kwako?"

"Nilitaka uniambie." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonikera. "Nilikuja hapa nina miaka ishirini na moja, sijui kitu. Kwetu hakuna mzeituni. Nani angeniambia? Mama alikwisha kufa. Nilikuwa na wewe tu."

Nikaanza kuokota makombo ya mkate mezani. Mimi ni mtu wa majibu, mnanijua, sijawahi kukosa neno mbele ya mwanamke yeyote wa kijiji hiki.

"Yeye alinyamaza asiniumize," akasema Diamanto. "Wewe ulinyamaza upate la kucheka."

Akakusanya visahani vyangu viwili, akamwaga mafuta yote nje dirishani, ya kijani na ya manjano, akaviosha kwa sabuni, akavikausha vizuri kwa taulo. Akanipa mkononi pamoja na chupa yangu.

"Asante kwa chakula cha mgonjwa, wifi. Kuanzia kesho kitapikwa hapa."

Nilimtazama kaka yangu, aseme chochote. Alikuwa ameinamia sahani yake, anaifuta kwa mkate, na hakuinua kichwa mpaka nilipofika barabarani.